Gati, Ufuo na Chombo: Nani Mwenye Mahali?

Wahenga walituachia msemo, "Penye wengi pana mengi." Aghalabu tunautumia kama onyo: jihadhari na makundi ya watu, kwani huko ndiko kwenye ugomvi, wizi na masengenyo. Lakini msemo wenyewe haukusema kwamba hayo mengi ni maovu. Umesema mengi tu, ukatuachia sisi kazi ya kuyapambanua. Nia ya insha hii ni kuyapambanua baadhi yake kwa kutumia mfano ambao kwa mtazamo wa kwanza unaonekana kuwa wa mchezo, nao ni uvuvi wa mshipi katika bahari ya chumvi. Mtu mwenye ufito, ndoana na chambo ana njia tatu mbele yake. Anaweza kusimama juu ya gati, bega kwa bega na wavuvi wenziwe. Anaweza kutembea ufuoni, ambako jirani yake wa karibu yuko umbali wa ukelele. Tena anaweza kupanda chombo akaenda kilindini. Hatuulizi hapa ni wapi penye samaki wengi, kwani hilo mvuvi atalijibu vizuri zaidi kuliko mwalimu. Tunauliza hivi: katika mahali hapo patatu, ni wapi mtu anapodaiwa utu zaidi, na je, ni halali kupakimbia?

Baadhi ya wasomaji huenda wakashangaa kwamba mwalimu wa Kiswahili, tena wa nchi ya bara isiyopakana na bahari yoyote, ajishughulishe na magati. Nina sababu mbili. Kwanza, swali la mahali penye msongamano ni letu sote. Tunalikuta kisimani, kwenye kituo cha basi, katika foleni ya zahanati, na zaidi ya yote madarasani mwetu, ambamo dawati la wanafunzi wawili mara nyingi hukaliwa na wanne. Pili, Kiswahili ni lugha iliyolelewa na bahari, na mwalimu anayefundisha maneno kama mshipi, chubwi, chambo na kuopoa bila ya kufikiri juu ya kazi yenyewe anafundisha maganda na kuacha kiini. Nimechagua mfano wa pwani ya California, nchini Marekani, kwa sababu sheria za huko zimelitenga gati na mahali pengine pa kuvulia, na hivyo kulifanya suala letu liwe wazi.

Sheria na gati

Sheria ya jimbo la California inamtaka kila mtu aliyetimiza umri wa miaka 16 awe na leseni ndipo avue samaki, awe ufuoni au chomboni. Leseni hiyo hununuliwa kwa fedha. Lakini mtu yeyote akisimama juu ya gati la umma lililojengwa kuingia baharini, anaruhusiwa kuvua bila ya leseni. Yapo masharti mengine yasiyomwacha: ukubwa na idadi ya samaki anaoruhusiwa kuchukua haubadiliki kwa kuwa yuko gatini, na hapo asitumie fito zaidi ya mbili. Fauka ya hayo, hahitaji chombo, wala injini, wala nauli. Ndoo, mshipi na kipande cha chambo vinamtosha.

Matokeo yake si magumu kuyatabiri. Gati limekuwa mahali pa watu wote, na hasa pa wale wasio na pengine. Hapo utamkuta mzee aliyestaafu, mama na watoto wake, mhamiaji aliyewasili juzi asiyejua Kiingereza, mfanyakazi wa zamu ya usiku ambaye hajalala bado, na kijana anayejifunza kufunga fundo lake la kwanza. Wako wanaovua kwa kujifurahisha, na wako wanaovua ili jioni pawe na kitoweo. Magati yenyewe ni ya zamani. La Huntington Beach lilijengwa kwanza kwa mbao mwaka 1904, likavunjwa na mawimbi na kujengwa upya zaidi ya mara moja. Lililopo leo lilifunguliwa mwaka 1992. La Santa Monica lilifunguliwa mwaka 1909, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kubeba bomba la maji machafu na kuyamwaga mbali na mawimbi ya ufuoni. Msomaji aliweke jambo hilo akilini, kwani tutalirudia.

Nidhamu tatu

Tukitazama kwa makini tutaona kwamba kila mojawapo ya mahali hapo patatu pana namna yake ya kuwaweka watu katika utaratibu.

Ufuoni, utaratibu huletwa na nafasi. Mvuvi wa hapo husoma maji: hutafuta mfereji uliochimbwa na mawimbi baina ya fungu la mchanga na nchi kavu, ambamo samaki huja kuokota kaa wadogo na vidudu vya mchangani. Katika pwani hiyo wako samaki wa ufuoni ambao hawatagi mayai bali huzaa watoto walio hai, na mvuvi mstaarabu akimwona jike mwenye tumbo kubwa humrudisha majini. Akitokea mvuvi mwingine, huyu wa kwanza husogea hatua mia moja, na mambo yakaisha. Yuko pia samaki mwembamba aitwaye grunion, ambaye usiku, baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo, hupanda mchangani na wimbi ili atage. Sheria inaruhusu ashikwe kwa mikono mitupu tu, na kwa baadhi ya miezi haimruhusu mtu kumshika kabisa. Hata hivyo ufuo ni mrefu, na watu wawili wasiopendana wanaweza kuutumia usiku kucha bila ya kusalimiana.

Chomboni, utaratibu huletwa na amri. Yuko nahodha, naye ndiye mwenye kusema tutatia nanga wapi, nani atasimama tezini na nani omoni, na saa ngapi tutageuza kurudi. Abiria wawili wakigombana, neno lake hukata shauri. Hapana ubaya katika hilo. Wahenga wenyewe wamesema kwamba manahodha wengi huenda mrama chombo. Lakini ni dhahiri kwamba mtu anayetenda haki kwa sababu nahodha anamtazama hajaonyesha bado kuwa ni mwadilifu. Ameonyesha kuwa ni mtii.

Gatini hakuna nafasi kama ya ufuoni, wala hakuna nahodha. Mlinzi hupita mara moja moja. Kanuni chache zimebandikwa ubaoni. Kwa mfano, magati kadhaa yanakataza kutupa ndoana kwa kuupeleka ufito nyuma juu ya kichwa, kwani ndoana inayorudi nyuma yaweza kuingia jichoni mwa mpita njia. Lakini ubao hauwezi kueleza yote. Mkondo wa maji unauchukua mshipi wako na kuupitisha chini ya mshipi wa jirani. Samaki aliyenaswa hakimbii kwa mstari ulionyooka. Atavuka mbele ya watu sita, na mishipi saba ikatatana. Nani akate wake? Nani aombe radhi? Nani angoje? Hapo hapana nafasi ya kuwatenganisha watu wala amri ya kuwanyamazisha. Kilichobaki ni adabu yao, yaani yale waliyokuja nayo kutoka nyumbani mwao.

Hii ndiyo hoja yangu ya kwanza: ufuoni tabia ya mtu haipimwi sana, chomboni hupimwa na mwingine, gatini hujipima yenyewe.

Nani mwenye mahali?

Mwanasheria wa Kiholanzi Hugo Grotius, katika kitabu chake Mare Liberum kilichotoka mwaka 1609, alitetea rai kwamba bahari haiwezi kumilikiwa na taifa lolote, kwa kuwa ni pana isiyo na mipaka na yawatosha watu wote kwa kusafiri na kwa kuvua. Leo tunajua kwamba samaki wa baharini wanaweza kupunguzwa hata wakakaribia kwisha. Lakini hata kama tungeikubali rai hiyo yote, gati latuonyesha mahali isipofika: maji yaweza kuwa ya wote, lakini pa kusimama pana kipimo. Bahari haina mwenyewe, ilhali ukuta wa gati una urefu wa hatua kadhaa tu, na asubuhi ya siku ya mapumziko hatua hizo zote zimekwisha chukuliwa.

Karne nyingi kabla ya Grotius, Mrumi Cicero, akieleza mafundisho ya wanafalsafa wa Kistoa, alitoa mfano unaotufaa hapa. Ukumbi wa michezo, alisema, ni mali ya watu wote, na hata hivyo kiti alichokikalia mtu kinaweza kuitwa chake kwa haki. Kwa maneno mengine, kitu chaweza kuwa cha umma na mahali pakawa pa mtu, bila ya mgongano. Tukiuchukua mfano huo na kuupeleka gatini, unatufundisha mambo matatu.

La kwanza ni kwamba aliyetangulia ana haki. Aliyeamka alfajiri akatembea gizani hadi mwisho wa gati asiambiwe na aliyelala hadi saa mbili kwamba ampishe. Taabu ya kuwahi ni malipo ya namna fulani, na ni malipo ambayo maskini anaweza kuyatoa sawa na tajiri. Ndiyo maana foleni, pamoja na udhia wake wote, ni chombo cha usawa.

La pili ni kwamba haki hiyo huisha pale mtu anapoondoka. Kiti ni changu nilipokikalia. Je, ndoo tupu iliyoachwa ukutani tangu usiku inashika mahali? Nadhani mtu anayekwenda kunywa maji au kumpeleka mtoto msalani anaweza kumwambia jirani, "Ndugu, niangalizie hapa," na hapo si ndoo inayomshikia mahali bali neno la jirani. Lakini anayeziweka ndoo nne ili jamaa zake watatu waje mchana amegeuza matumizi kuwa umilikaji. Amechukua kilicho cha wote akakifanya chake bila ya kukikalia.

La tatu ndilo gumu zaidi. Mwenye kiti amepewa kiti, hakupewa safu. Sheria inamruhusu mvuvi wa gatini fito mbili. Siku ambayo gati liko tupu, hizo mbili hazimdhuru mtu. Siku ambayo watu wamesongamana, na baba mwenye mtoto mdogo amesimama nyuma akitafuta upenyo, ufito wa pili bado ni halali, lakini je, ni wa haki? Hapa ndipo tunapoiona tofauti baina ya sheria na adabu. Sheria huweka kikomo ambacho mtu asikivuke. Haimwambii kwamba lazima akifikie. Mtu anayechukua kila alichoruhusiwa, wakati wote na mbele ya watu wote, hajavunja sheria yoyote, na pengine ndiyo sababu hakuna lugha isiyokuwa na neno la kumwita. Sisi twamwita mroho.

Kuopoa

Liko jambo moja la ufundi ambalo mtu asiyejua gati hawezi kulifikiria. Gati liko juu sana ya maji. Samaki mdogo huinuliwa kwa mshipi bila ya taabu, lakini samaki mkubwa hawezi kupandishwa hivyo: ama mshipi utakatika, ama ndoana itachana mdomo, naye ataanguka. Hivyo wavuvi hutumia wavu wa duara unaoteremshwa kwa kamba mpaka majini. Mwenye samaki anaushika ufito wake kwa mikono miwili, akimwongoza samaki taratibu hadi juu ya wavu. Mikono ya kuteremsha kamba na kuivuta hana. Sharti apatikane mtu wa pili.

Ufuoni, wimbi ndilo linalomsaidia mvuvi, kwani humsukuma samaki hadi mchangani. Katika chombo cha kukodi, yuko mfanyakazi mwenye upembo ambaye kazi yake ni hiyo. Gatini msaidizi ni mgeni tu aliyesimama karibu, ambaye jina lake hulijui na pengine lugha yake huielewi. Tena si yeye peke yake. Wale watu watano au sita wa kila upande hawana budi kuipandisha mishipi yao upesi, nao waache kuvua kwa muda huo, huenda ndio wakati samaki wamefika, ili mwenzao ampate wake.

Hapa ndipo pande mbili za ule msemo wetu zinapokutana. Jirani ambaye kwa saa nzima ulimwona kuwa ni kizuizi, anayekubana kiwiko na kuutatanisha mshipi wako, ndiye huyo huyo ambaye bila yeye samaki wako asingeopolewa. Msongamano unaozuia ndio unaosaidia, na haiwezekani kuuchukua upande mmoja na kuutupa mwingine. Anayekataa kuupandisha mshipi wake mwenziwe anapopambana na samaki, kisha akataraji wenziwe waipandishe yao zamu yake itakapofika, anaomba pawe na sheria mbili: moja yake yeye na moja ya walimwengu. Sijui mfano mwepesi kuliko huu wa kumweleza mwanafunzi maana ya dhuluma.

Msongamano wa baharini

Mtu anaweza kusema: haya yote ni shida za maskini, mwenye chombo ameepukana nayo. Tazama basi yaliyotokea Alanya, mji wa pwani ya Bahari ya Kati nchini Uturuki. Wavuvi wa huko, wapatao mia moja, wana vyombo vyao na nyavu zao. Lakini mahali pazuri pa kutegea ni pachache, na miaka ya 1970 ilipoanza walikuwa wakigombania hapo vibaya, hata wengine kupigana. Serikali haikuwatatulia. Baada ya kujaribu kwa miaka kadhaa, wao wenyewe wakaweka utaratibu. Kila mwezi wa Septemba, orodha ya wavuvi wanaostahili ilitengenezwa, na mahali pote pa kuvulia pakatajwa kwa majina yake, pakiwa pameachana kiasi kwamba wavu wa mmoja haumzuilii mwingine samaki. Kisha wakapiga kura. Kila mmoja alianza pale kura ilipomwangukia, na kila siku akahamia mahali pa pili upande wa mashariki, hadi Januari. Tangu Januari hadi Mei wakahama kuelekea magharibi. Kwa njia hiyo kila mtu alipapata pazuri na kila mtu alipapata pabaya. Wa kumchunga mwizi wa zamu alikuwa yule mwenye zamu yake siku hiyo.

Mtaalamu wa Marekani Elinor Ostrom aliutaja mfano huo katika kitabu chake Governing the Commons cha mwaka 1990, na mwaka 2009 akapewa tuzo ya Nobeli ya uchumi kwa utafiti wake juu ya mali za pamoja, akiwa mwanamke wa kwanza kuipata. Kabla yake, mwaka 1968, Garrett Hardin alikuwa ameandika makala mashuhuri akidai kwamba kitu cha wote huishia kuharibiwa na wote, isipokuwa kikigawiwa watu binafsi au kikilindwa kwa nguvu za dola. Ostrom hakusema kwamba jambo hilo haliwezekani. Alionyesha kwamba si lazima, maana watu wanaojuana, wanaoonana na wanaoweza kuzungumza wanaweza kujitungia kanuni na kuzilinda.

Mfano huu unatufunza kwamba mwenye kukimbia msongamano kwa chombo hatafika mbali. Penye samaki patakuwa na watu, na penye watu gati litakuwapo, hata kama limejengwa kwa maji matupu.

Samaki asiyefaa kuliwa

Sasa turudi kwenye lile bomba la Santa Monica. Bahari ya Los Angeles ilipokea maji machafu kwa miaka mingi, na baya kuliko yote lilitoka katika kiwanda cha Montrose, karibu na Torrance, kilichotengeneza dawa ya wadudu ya DDT tangu mwaka 1947 hadi 1982. Hadi mwaka 1971 mabaki ya kiwanda hicho yalipitishwa katika mifereji ya maji machafu na kumwagwa baharini karibu na Palos Verdes. Dawa hiyo haiozi upesi. Iko bado katika tope la chini, na kutoka huko huingia katika vidudu, na kutoka vidudu huingia katika samaki.

Yuko samaki mmoja mdogo, mweupe wa fedha, wa jamii ya wale wakoromao majini, ambaye huishi karibu na tope hilo. Hana ujanja mwingi. Hushika chambo cha mtoto na cha mzee, na hushikwa sana gatini. Maofisa wa afya wa jimbo hilo wamekwisha onya kwamba samaki huyo, pamoja na wengine wa aina chache, asiliwe kabisa akiwa amevuliwa kusini ya gati la Santa Monica hadi gati la Seal Beach. Matangazo yamebandikwa kwa lugha zaidi ya moja, na watu hutumwa magatini kuzungumza na wavuvi ana kwa ana.

Hapa ndipo suala letu linapoacha kuwa la mchezo. Mwenye chombo anaweza kwenda mbali, penye maji safi na samaki wa kina kingine. Anayevua kwa kujifurahisha humtupa samaki huyo majini, naye hadhuriki. Atakayemtia ndooni ni yule aliyekuja gatini kwa sababu ya njaa, asiyejua kusoma tangazo au asiyejua lugha ya tangazo. Yaani aliyefaidika kidogo kuliko wote na kile kiwanda ndiye anayepelekewa sumu yake mezani.

Basi jiulize, ndugu msomaji. Umesimama gatini. Upande wako wa kushoto mama anawatia ndooni samaki hao, mmoja baada ya mwingine, na watoto wake wanawahesabu kwa furaha. Wewe umelisoma tangazo. Je, unadaiwa neno? Sheria haikudai. Wewe si ofisa wa afya, wala hukumwaga dawa baharini, wala hukumwita yule mama. Tena kumkatiza mtu furaha yake ni jambo zito, na kumwambia mgeni kwamba chakula cha wanawe hakifai kwaweza kuonekana kuwa ni kiburi.

Pamoja na hayo yote, jibu langu ni kwamba unadaiwa. Deni hilo halitokani na kosa lako. Latokana na ukaribu wako. Unalijua jambo ambalo jirani yako halijui, linahusu uhai wa wanawe, na gharama ya kulisema ni aibu ya dakika moja. Kwa upande wa jinsi ya kulisema, hapo ndipo adabu inapohitajika: kwa salamu kwanza, kwa ishara ikiwa lugha haipo, kwa kumwonyesha samaki mwingine anayefaa, na ikiwezekana kwa kumpa mmoja wa kwako. Tangazo huzungumza na mwenye kujua kusoma. Jirani anaweza kuzungumza na kila mtu. Sisi walimu wa lugha tunapaswa kulielewa jambo hili kuliko wengine, kwa kuwa kazi yetu nzima imejengwa juu ya imani kwamba neno likifika kwa wakati wake laweza kumwokoa mtu.

Aliye kando

Najua methali itakayotolewa kunipinga: "Aliye kando haangukiwi na mti." Kwa nini mtu mwenye busara asijiendee ufuoni, akavua kwa amani, asidaiwe mshipi wala neno na mtu yeyote? Je, upweke ni dhambi?

La, si dhambi. Iko kheri katika ukimya wa ufuo ambayo gati haliwezi kuitoa. Mtu huhitaji mahali ambapo hakuna anayemtazama, apate kuyasikiliza mawazo yake mwenyewe. Wala sisemi kwamba msongamano humfanya mtu kuwa mwema. Magati yameona ngumi pia. Umati hauzai utu. Humdai mtu utu, na anayedaiwa aweza kulipa au kukataa.

Ninalolipinga ni jambo jingine, nalo ni kudhani kwamba anayekaa kando ni mwema kwa sababu hajagombana na mtu. Upole ambao haujawahi kubanwa kiwiko bado haujajulikana ni upole au ni nafasi tu. Hali kadhalika, ninapinga dharau ya wale wanaoweza kwenda ufuoni na chomboni dhidi ya wale wasioweza kuliacha gati. Chaguo ni chaguo kwa mwenye uwezo wa kuchagua. Aliye kando, mti haukumwangukia, ni kweli. Lakini yeye ndiye aliyeuona ukiegama, na anao wajibu wa kupiga ukelele.

Kutokana na hayo naona jamii ina deni la namna mbili kwa watu wa gatini. Iwaachie mahali hapo pawe bure na wazi, kwani palipo bure ndipo pekee ambapo mhamiaji na mzaliwa, fukara na tajiri, husimama kwa kipimo kimoja. Na iwaambie ukweli juu ya maji yaliyo chini yao, kwa lugha wanayoielewa.

Kwa matumizi ya darasani

Walimu wenzangu wanaotafuta mada ya mjadala kwa wanafunzi wa madarasa ya juu wanaweza kuitumia hii, wakaibadili ilingane na mazingira yao: kisima badala ya gati, au ziwa badala ya bahari. Napendekeza maswali matatu. Je, ndoo inaweza kushika mahali pa mtu? Je, kilichoruhusiwa na sheria ni haki siku zote? Je, anayejua hatari anadaiwa neno na asiyeijua, hata kama hawajuani? Wagawe wanafunzi pande mbili, kisha katikati ya mjadala wabadilishane pande, kama wavuvi wa Alanya walivyohama mashariki na magharibi, ili kila mmoja aonje hoja ya mwenziwe.

Na siku mwanafunzi wa nne atakapokuja kulikalia dawati la wawili, mwalimu asiwahi kuamua. Awaache kwanza wale watatu waliotangulia, atazame watafanya nini.